Simu Mkononi, Haki Mahakamani

Mtaa wa Kilimani, Nairobi, una historia yake katika harakati za mtandaoni. Januari 2008, nchi ikiwa imetumbukia katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wachache, wakiwemo Ory Okolloh na Juliana Rotich, walianzisha Ushahidi, jukwaa lililomwezesha raia kutuma arafa kuhusu fujo aliyoishuhudia na habari hiyo ikaonekana kwenye ramani. Mwaka 2010 iHub ikafungua milango katika jengo la Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong, na vijana wa teknolojia wakaufanya mtaa huu kituo chao. Imani iliyozaliwa siku zile haijafa: kwamba mwenye simu na bando anaweza kuilazimisha serikali imsikie.

Toleo hili linaipima imani hiyo kwa suala gumu kuliko mengi, yaani haki za mashoga na wasagaji nchini Kenya. Je, harakati za mitandao ya kijamii zimewasogeza mbele, au zimewaletea kelele na maadui wapya? Msimamo wa jarida hili ni kwamba zimewasaidia, na zitazidi kuwasaidia, lakini kwa sharti moja ambalo wanaharakati wengi hawapendi kulisikia. Mtandao ni chombo cha wingi. Hupandisha juu kile ambacho wengi wamekipenda, wamekisambaza au wamekikasirikia. Haki za wachache haziwezi kutegemea hesabu ya namna hiyo, kwa sababu kila zitakapopigiwa kura zitashindwa.

Tuanze na pale mtandao ulipofanya kazi.

Januari 18, 2014, siku alipotimiza miaka 43, mwandishi Binyavanga Wainaina alichapisha mtandaoni maandishi mafupi akimwambia mama yake, aliyekuwa ameshafariki, kwamba yeye ni shoga. Wainaina hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa ameshinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 na kuanzisha jarida la Kwani? mwaka uliofuata. Siku chache kabla, Nigeria ilikuwa imetia saini sheria kali dhidi ya mashoga. Uganda nayo ilikuwa mbioni kufanya hivyo. Siku chache baada ya maandishi yale akaweka YouTube video ya sehemu sita, akizungumza moja kwa moja na Waafrika wenzake kuhusu woga na uhuru wa kufikiri. Hakusubiri studio ya televisheni imwalike. Studio ndizo zilizomfuata.

Faida ya tendo lile ilikuwa nini? Hakuna kifungu cha sheria kilichofutwa. Hata hivyo, kijana wa Nakuru, mji alikozaliwa Wainaina, sasa aliweza kumtaja Mkenya mwenye jina, kazi na ukoo, aliyesema jambo hilo bila kujificha. Shirika la utafiti la Pew liliwauliza Wakenya kama jamii inapaswa kuwakubali mashoga. Mwaka 2007 waliokubali walikuwa asilimia 3, mwaka 2013 wakawa asilimia 8, na mwaka 2019 wakafika asilimia 14. Nyongeza hiyo si kazi ya mtandao peke yake, lakini ni miaka ile ile ambapo simu zilienea na nyuso zikaanza kuonekana. Mtu humwogopa zaidi yule asiyemjua.

Takwimu hizo hizo zina upande wa pili. Mwaka 2019, asilimia 83 ya Wakenya walisema hapana. Huo ndio umati ambao kila alama ya reli (hashtag) inajaribu kuushinda.

Mwaka huo huo mtandao ulikutana ana kwa ana na mipaka yake. Mawakili walikuwa wameiomba Mahakama Kuu ya Nairobi ifute vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, urithi wa wakoloni Waingereza. Kifungu cha 162 kinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14. Cha 165, kinachowahusu wanaume, hadi miaka 5. Alama ya #Repeal162 ilivuma kwa miezi. Picha za upinde wa mvua zilitoka London, Johannesburg na New York. Hukumu iliyotarajiwa Februari 22 ikaahirishwa. Mei 21, Wainaina akafariki jijini Nairobi. Siku tatu baadaye, Mei 24, 2019, majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo walitupilia mbali maombi hayo. Walisema walalamishi hawakuthibitisha kwamba sheria inawabagua, na kwamba kuifuta kungegongana na kifungu cha 45 cha Katiba kinachohusu ndoa ya watu wa jinsia tofauti.

Majaji hawahesabu machapisho. Wanasoma viapo, ripoti za madaktari na hukumu za mahakama nyingine.

Sasa tazama kesi nyingine, ambayo watu wengi wanaosambaza alama za reli hawaijui kabisa. Februari 2015, wanaume wawili walikamatwa Ukunda, kaunti ya Kwale. Walipelekwa hospitalini Mombasa na kulazimishwa kupimwa sehemu ya haja kubwa, eti kutafuta ushahidi wa ushoga. Walilazwa kitandani miguu ikiwa juu, kwa amri ya korti, na daktari akawachunguza kana kwamba miili yao ni mali ya upande wa mashtaka. Wakapimwa pia virusi vya Ukimwi. Mawakili wao walishindwa katika Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2016, hawakukata tamaa, na Machi 22, 2018 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba vipimo hivyo vinakiuka Katiba. Tangu siku hiyo, polisi anayemburura mtu kwenda kupimwa hivyo anavunja sheria. Huu ni ushindi unaogusa mwili wa mtu halisi, na uliletwa na wanaume wawili waliokubali kurudi kortini mara kwa mara huku majina yao yakihifadhiwa.

Kesi ya Eric Gitari ilichukua muda mrefu zaidi. Bodi ya kusimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa kusajili shirika lake la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Aprili 2015 Mahakama Kuu ikampa ushindi. Machi 2019 Mahakama ya Rufaa ikamuunga mkono. Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikaamua kwamba kuwanyima watu haki ya kujumuika kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Ni takriban miaka 10 ya makaratasi, nauli na subira.

Kilichofuata kinapaswa kusomwa kwa makini na kila anayeamini kwamba mtandao ni rafiki wa haki. Ushindi ulipotangazwa, ni upande uliopinga uliotawala simu za Wakenya. Mahubiri yakakatwa vipande vya dakika moja na kusambazwa kwenye TikTok na WhatsApp. Wiki moja baada ya hukumu, Rais William Ruto alisema mila na dini za Kenya haziruhusu mahusiano hayo. Mbunge wa Nyali, Mohamed Ali, akapeleka bungeni hoja ya kupiga marufuku uenezaji wa habari za mapenzi ya jinsia moja. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaandaa mswada mkali na pia akaiomba Mahakama ya Juu ibadilishe uamuzi wake. Septemba 2023 mahakama ilikataa ombi hilo. Mtandao ulikuwa umeshapiga kura yake kwa hasira; hukumu haikutikisika.

Tofauti kati ya mambo haya na Juni 2024 ni muhimu. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha walijipanga kwenye X na TikTok, wakamiminika barabarani Juni 25, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini. Kodi ya mkate inamuuma kila mtu, kwa hiyo wingi ulikuwa upande wao. Mwanaharakati wa haki za mashoga anayetaka kuiga mbinu hizo bila kubadilisha chochote anasahau kwamba mwanasiasa aliyeogopa wapiga kura siku zile ndiye huyo huyo atakayewafurahisha kwa kumpiga teke shoga.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na ngozi. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala, Rolling Stone, lilichapisha picha na majina ya watu likiwaita mashoga na kutaka wanyongwe. David Kato, mmoja wa walioanikwa, alilishtaki gazeti hilo na kushinda Januari 2011. Mwezi huo huo akauawa nyumbani kwake. Wakati ule kumwanika mtu kulihitaji mtambo wa kuchapisha. Leo kunahitaji picha ya skrini tu. Oktoba 2018 Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wamtumie majina ya mashoga, na akatangaza kwamba kikosi maalumu kingewasaka kupitia mitandao ya kijamii. Serikali ya Tanzania ilisema ule ni msimamo wake binafsi, lakini watu walikuwa wameshaanza kufuta akaunti na kuhama makazi.

Hapa Nairobi mtego una sura tulivu zaidi. Akaunti ya uongo inafunguliwa kwenye programu ya kutafuta wapenzi. Maongezi yanakwenda vizuri kwa siku kadhaa, kisha mgeni anaalikwa kwenye nyumba ya kupanga. Akishaingia, wanaume wengine wanatokea, anavuliwa nguo, anapigwa picha, na anaambiwa atume pesa kwa M-Pesa la sivyo picha zimfikie mwajiri na mama mzazi. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018 inaadhibu usambazaji wa picha za faragha, lakini anayekwenda kituoni kuripoti anajua kwamba maelezo yake yanaweza kugeuzwa kuwa shtaka chini ya kifungu cha 162. Sheria moja inamlinda, nyingine inamziba mdomo.

Kampuni zenyewe hazijasaidia vya kutosha. Julai 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa matangazo ya uchochezi yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Matangazo hayo yaliidhinishwa. Ikiwa chuki ya kikabila, ambayo Kenya imezika maiti zake, inapenya hivyo, shoga wa Likoni anayetukanwa kwa Kiswahili ategemee nini?

Basi harakati za mtandaoni zifanye nini? Ziache kuhesabu wafuasi na zianze kuitumikia kazi inayofanyika nje ya simu. Mfano mzuri uko Barabara ya Ngong. Aprili 2018 bodi ya filamu ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Malalamiko ya mtandaoni yalidumu miezi mitano bila kufungua hata ukumbi mmoja. Kahiu akaenda kortini, na Septemba 21 Jaji Wilfrida Okwany akaondoa marufuku kwa siku 7. Hapo ndipo mtandao ulipopata kazi ya maana: habari za maonyesho zikaenea, na viti vya onyesho la kwanza katika Prestige Plaza vikaisha. Korti ilifungua mlango, simu zikaleta watu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Edwin Chiloba, mbunifu wa mavazi ambaye mwili wake ulipatikana ndani ya sanduku la chuma kaunti ya Uasin Gishu mapema Januari 2023. Mtandaoni watu walishaamua sababu ya kifo kabla uchunguzi haujakamilika. Kortini, ushahidi ulionyesha kwamba muuaji aliishi naye. Desemba 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 50. Kelele zilikuwa na thamani kwa sababu zilizuia jalada lisisahaulike, na mahakama ikafanya lililobaki kwa ushahidi.

Wako wanaosema, hasa wazee wa harakati hizi, kwamba heri kimya. Hoja yao inastahili heshima kwa sababu wao ndio waliozika wenzao. Lakini vifungu vya wakoloni vilidumu miongo mingi chini ya kimya hicho, na vijana waliovilaumu hadharani ndio walioilazimisha korti kuvijadili. Swali ni nani aamue wakati wa kusema. Jibu liko kwa yule atakayebaki mtaani baada ya video kusahaulika.

Kuna jambo moja zaidi, na linalihusu jarida hili moja kwa moja. Harakati za Kilimani huandikwa zaidi kwa Kiingereza, na hivyo huwafikia wanaokubaliana nazo tayari, Westlands na Washington. Mahubiri yanayozipinga yanasikika kwa Kiswahili, Gikuyu na Dholuo, ndani ya matatu na kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo. Mjadala unaosikilizwa nyumbani wanaharakati wanawaachia wengine, kisha wanashangaa asilimia 14. Ndiyo maana makala za toleo hili, kuanzia maelezo ya sheria hadi ushauri wa usalama wa simu, zimeandikwa kwa lugha ambayo shangazi wa Ukunda na fundi wa Kawangware wataisoma bila mkalimani.

Msomaji anayetaka kusaidia asisambaze jina wala picha ya mtu bila ridhaa yake, hata kwa nia njema. Achangie mawakili na nyumba za hifadhi kabla ya kuchangia maoni. Akiona dhuluma, aandike tarehe, mahali na namba ya kituo cha polisi, ahifadhi picha za skrini, kisha ampelekee wakili. Uamuzi wa Mei 2019 ulikatiwa rufaa, na kila kesi itakayofuata itahitaji ushahidi mwingi zaidi kuliko ule uliopungua mara ya kwanza.