Toroli la noti halikumleta Hitler

Ikizuka mada ya mfumuko wa bei, hakosi mtu wa kutukumbusha Wajerumani na toroli lao la noti. Serikali ilichapisha pesa ovyo, tunaambiwa, wananchi wakachoka, Hitler akaingia. Mimi nilikuwa karani wa posta hadi nilipostaafu, na hukusanya stempu. Hadithi hiyo inakataliwa na tarehe.

Ninayo stempu ya Ujerumani ya mwaka 1923. Ilichapwa iuzwe mark 300. Thamani hiyo ikawa haitoshi hata kidogo, ikabidi igongwe tena kwa wino mweusi: milioni 2. Mwaka haujaisha, zikatoka za bilioni 50. Namhurumia karani aliyekuwa akifunga hesabu za jioni. Mwezi Novemba dola moja ya Marekani ilifika mark trilioni 4.2, na noti nyingine zilichapwa upande mmoja tu.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliendeshwa kwa mikopo, na jamhuri changa ikarithi deni. Washindi wakaidai fidia ya mark za dhahabu bilioni 132. Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia bonde la Ruhr, kwenye makaa ya mawe, kujichukulia fidia hiyo. Wafanyakazi wakasusa kazi, serikali ikawalipa kwa noti mpya. Aliyeweka akiba ya uzeeni alibaki mikono mitupu. Tajiri kama Hugo Stinnes alikopa, akanunua makampuni, akalipa deni kwa pesa isiyonunua kitu. Uchungu huo ulikuwepo, sibishi.

Lakini Hitler alipojaribu kupindua serikali mjini Munich, Novemba hiyohiyo, polisi walimzima kwa siku moja, akafungwa. Tarehe 15 ikaja sarafu mpya, Rentenmark, moja kwa trilioni moja za zamani, na bei zikatulia. Jamhuri ilikuwa imeshashinda pia jaribio la mapinduzi la Kapp la 1920 kwa mgomo wa nchi nzima, na ilistahimili kuuawa kwa waziri wake wa mambo ya nje, Walther Rathenau, mwaka 1922. Katika uchaguzi wa 1928 chama cha Hitler kiliambulia asilimia 2.6 ya kura. Kama ni toroli lililomleta, basi lilikawia mno njiani.

Mtu ninayemnyooshea kidole ni Heinrich Brüning, kansela kuanzia Machi 1930. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeanza, naye akakaza mkanda: mishahara ya watumishi chini, posho za wasio na kazi chini, kodi juu. Bunge lilipokataa, Rais Hindenburg alitumia ibara ya 48 ya katiba, mambo yakapita kwa amri. Bunge likavunjwa, na Septemba chama cha Hitler kikapata asilimia 18.3. Brüning hakushtuka. Julai 1931 benki kubwa ya Danat ikafunga milango. Desemba amri nyingine ikakata tena mishahara. Mwanzoni mwa 1932 watu milioni 6 walikuwa hawana kazi, na Julai Hitler akapata asilimia 37.3.

Bei wakati huo zilikuwa zinashuka! Noti zilikuwa adimu, na kila aliyependekeza serikali itumie fedha kuwapa watu kazi alitishwa kwa mwaka 1923.

Hata hapo mlango haukuvunjwa. Novemba 1932 Hitler alipoteza kura milioni 2 na kushuka hadi asilimia 33.1. Ni kansela wa zamani, Franz von Papen, na wenzake waliomshawishi mzee Hindenburg ampe ukansela, tarehe 30 Januari 1933. Katika baraza lile la mawaziri, wanachama wa Hitler walikuwa wawili tu ukimwacha yeye mwenyewe, na Papen, makamu wake, aliamini kwamba wangemdhibiti.