Kadi ya kliniki ifike shuleni

MJI KASORO BAHARI
Na Tatu Mkude

Mtoto anayezaliwa leo Kinole au Nyandira, serikali inamjua vizuri kwa mwaka mmoja na nusu. Anachanjwa BCG akiwa mchanga. Anarudishwa zahanati wiki ya 6, ya 10 na ya 14, anawekwa kwenye mzani, muuguzi anatia nukta kwenye kadi. Anachanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha tena miezi 18. Baada ya sindano hiyo mama anaikunja kadi, anaiweka sandukuni chini ya vitenge, na safari za kliniki zinakuwa za kubahatisha. Mtumishi wa umma atakayemtazama mtoto huyo tena kwa makini ni mwalimu wa darasa la awali, siku ya kuandikishwa, mtoto akiwa na miaka mitano hivi.

Katikati hapo kuna miaka mitatu na ushei. Ndiyo miaka ambayo mtoto anajifunza kusema, kukimbia, kutumwa na kutumika, kucheza na wenzake. Ndiyo pia miaka ambayo kuchelewa kunaonekana wazi kwa yeyote mwenye kuangalia. Leo naziomba halmashauri zetu tatu zinazogawana mlima wa Uluguru, yaani Manispaa ya Morogoro, Morogoro Vijijini na Mvomero, jambo moja: miaka hiyo mitatu ipate mwenyewe.

Sisemi kwamba mtoto hapati chochote katika kipindi hicho. Kila Juni na Desemba kuna mwezi wa afya na lishe ya mtoto, ambapo walio chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Kila robo mwaka vijiji vinatakiwa kufanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile tunayoiita SALIKI. Mtoto anabebwa hadi pale, anafunguliwa mdomo, matone yanaingia, anapimwa mkono kwa utepe, anarudishwa mgongoni. Hakuna aliyemuuliza mama kama mtoto anaongea.

Angalia kinachopotea. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo hunyooshwa kwa plasta za kila wiki akianza mapema, tena bila upasuaji mkubwa. Akifika na miaka mitano, kazi ni nyingine kabisa. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho asipofanyiwa upasuaji mapema, ubongo wake unakosa kujifunza kuona, na hata jicho likisafishwa baadaye, uwezo ule haurudi wote. Sikio linalotoa usaha kwa miezi linaweza kuzimisha usikivu katika umri uleule ambao lugha inajengeka, kisha mtoto anafika shuleni akiitwa mzito. Anayeanguka kifafa anakatazwa kwenda mtoni na wenzake, halafu anakatazwa shule. Na yupo yule mwenye mtindio wa ubongo ambaye mama yake hakufundishwa namna ya kumkalisha, kumlisha na kumnyoosha viungo, hadi misuli imekaza.

Lishe nayo imo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Uluguru inashusha kabichi, karoti, ndizi na matunda hadi masoko ya Dar es Salaam, lakini wingi wa mazao sokoni haumhakikishii mtoto wa mkulima sahani iliyokamilika. Zaidi ya hapo, milimani mvua huosha madini ya joto kutoka kwenye udongo, kwa hiyo chumvi yenye madini hayo ni kinga ya akili ya mtoto aliye tumboni. Mwenye duka wa kijijini anayeuza chumvi ya mawe isiyo na madini joto anapaswa kuelezwa hilo kwa upole na kwa kurudia.

Wasomaji wa mjini wanaweza kuuliza kwa nini mama hashuki tu kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Jamani, tuupande mlima kidogo. Mtoto wa miaka mitatu asiyetembea ana kilo kumi na ushei. Mama wa Tegetero au Kolero anambeba mgongoni kwenye njia ya utelezi wa masika, anafika barabarani, analipa bodaboda, analipa gari, anafika mjini na kuambiwa mtaalamu yuko siku nyingine. Shamba linamsubiri, na wadogo amewaacha kwa bibi. Akikata tamaa baada ya safari hiyo, mimi simlaumu.

Kisha kuna jambo la Waluguru wenyewe ambalo wapangaji wa semina hulisahau. Ukoo hapa unafuatwa kwa mama, na mjomba ana sauti nzito juu ya mtoto. Mjomba akisema mtoto apelekwe kwa mganga kwanza, anapelekwa. Akisema ashushwe mjini, nauli itapatikana. Lakini elimu ya makuzi tunaitoa kliniki, kwenye benchi lililojaa akina mama, mjomba akiwa shambani au kijiweni. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua wajomba wote kwa majina. Awaite. Na mganga wa tiba asili naye aitwe, kwa sababu mara nyingi ndiye anayetangulia kumwona mtoto mwenye tatizo, na anaweza kuwa wa kwanza kusema huyu apelekwe zahanati.

Mipango ya karatasi tunayo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021, ikamgusa mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ikapangiwa kufika mwaka wa fedha 2025/26. Wazo lake kuu ni sahihi: afya, lishe, ujifunzaji wa awali, ulinzi na malezi yenye mwitikio viende pamoja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wamepangiwa programu yao, iliyozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, inazitaka kaya inazozisaidia zipeleke watoto kliniki na shule. Mikono iko mingi. Tatizo ni kwamba mkono wa zahanati na mkono wa shule haijawahi kupeana karatasi.

Ninachokiona kinafaa kuanza nacho kiko karibu kuliko tunavyodhani. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamefanya kazi kwa miaka mingi wakitafuta namna ya kumtambua mtoto mwenye ulemavu bila mashine wala daktari bingwa. Walitumia hojaji fupi ya Maswali Kumi, ambayo tangu miaka ya 1980 ilikwishajaribiwa Bangladesh, Jamaika na Pakistan, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Mzazi anaulizwa mambo anayoyajua mwenyewe. Mtoto alichelewa sana kukaa, kusimama au kutembea? Anaona, mchana na usiku? Anasikia? Ukimwambia fanya hiki, anaelewa? Mikono na miguu yake ina udhaifu, au imekakamaa? Huwa anaanguka na kupoteza fahamu? Anajifunza mambo kama wenzake wa rika lake? Anaongea, na anaeleweka na watu wa nje ya nyumba? Kilifi hiyohiyo mtafiti Amina Abubakar na wenzake wakatengeneza kipimo cha makuzi cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia vitu na michezo ambayo mtoto wa kijijini pwani anaifahamu. Hayo ni mazingira yanayofanana na ya kwetu, na Kiswahili ni chetu sote.

Maswali hayo yanachukua dakika chache. Mhudumu wa jamii anaweza kuyauliza kwenye SALIKI, akina mama wakisubiri foleni ya matone. Jibu la wasiwasi halimpi mtoto jina la ugonjwa, linasema tu kwamba huyu atazamwe na mtaalamu. Na hapa ndipo shule inapoingia kwa uzito wake. Maswali Kumi yamejulikana kuwa na udhaifu kwenye macho na masikio: mzazi ambaye hajawahi kugundua tatizo atajibu kwamba mtoto anaona na anasikia vizuri, tena kwa moyo safi. Mwalimu wa awali ndiye atakayegundua kwamba mtoto wa mkeka wa nyuma hageuki akiitwa, kwamba anasogeza kitabu puani, kwamba anaiga wenzake badala ya kufuata maelekezo. Mama anajua historia ambayo mwalimu haijui, na mwalimu anaona ulinganifu wa watoto arobaini ambao mama hauoni. Ukimwacha mmoja wao nje, unapoteza nusu ya habari.

Kwa sasa mwalimu akiona jambo hilo, afanye nini? Atamwambia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu atamwita mzazi. Mzazi atasikia kwamba mwanawe ana tatizo, bila barua, bila siku, bila jina la mtu wa kumwona. Serikali imekuwa ikielekeza ubainishaji wa watoto wenye mahitaji maalumu kabla ya uandikishaji, na kila halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Ni jambo jema, ila ubainishaji wa miaka mitano au sita umechelewa kwa mtoto wa mguu kifundo na kwa mtoto wa sikio. Majirani zetu Kenya walianza mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, kuwa na vituo vya tathmini vinavyounganisha elimu na huduma nyingine, mahali ambapo mzazi anaweza kumpeleka mtoto hata kabla ya umri wa shule. Sisi tunaweza kuanza na barua moja ya rufaa yenye nakala mbili: mwalimu anaandika, zahanati inajibu, na jibu linarudi darasani likisema mwalimu amkalishe wapi, azungumze naye vipi, dawa anameza saa ngapi.

Kuna hoja nzito dhidi yangu na naiheshimu. Muuguzi mmoja wa zahanati ana kazi za watu watatu, na wapo wanaosema ni ukatili kumwambia mzazi mtoto wako ana tatizo pale ambapo hakuna pa kumpeleka. Wataalamu wa tiba kwa vitendo ni wachache nchini, na wengi wamesomea KCMC Moshi. Walimu wengi wa elimu maalumu wanatoka Chuo cha Patandi, Arusha, nao hawatoshi. Hata hivyo orodha ya yanayowezekana hapahapa Morogoro si fupi: masikio, macho, utapiamlo, plasta ya mguu, dawa ya kifafa, mafunzo ya mazoezi kwa mama. Mkoa wetu una historia yake katika hili. Miaka ya 1960 kule Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta watu wa Upogoro wenye kifafa wakitengwa, akaanzisha kliniki na kuwatibu kwa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayodai zaidi ya yote ufuatiliaji wa kudumu. Kama Mahenge ya wakati ule iliweza, Mgeta ya leo yenye simu za mkononi haiwezi kushindwa. Na mjini kwetu kuna Kituo cha Amani cha Chamwino, alichokianzisha Mama Josephine Bakhita kwa kumbukumbu ya mtoto Erick, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na watoto wenye ulemavu wa akili na viungo. Uzoefu wa walezi wake unastahili kiti kwenye kikao cha kata.

Treni ya SGR, tangu ianze kubeba abiria katikati ya mwaka 2024, imefanya Dar es Salaam iwe mwendo wa chini ya saa mbili. Mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kufika Morogoro asubuhi, akawaona watoto kutwa nzima na jioni akalala kwake. Halmashauri zikichangia posho yake mara moja kwa mwezi, na zikalipia gari moja la kuwashusha watoto kutoka milimani siku hiyo, mama wa Kolero hataambiwa arudi kesho.

Fedha zitatoka wapi? Tumekwisha kuonyeshwa njia na lishe. Tangu Desemba 2017 wakuu wa mikoa wanasaini Mkataba wa Lishe, na mwaka 2022 ulisainiwa upya mbele ya Rais Samia, wa kufika 2030. Halmashauri inatakiwa kutenga angalau Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na kadi alama ya utekelezaji wa mkataba inasomwa kila robo mwaka mbele ya mkuu wa mkoa. Mkurugenzi anayejua atasomewa namba yake hadharani hawezi kuisahau bajeti ile. Naomba mstari mmoja tu uongezwe kwenye kadi alama ya Morogoro: watoto wangapi waliotiliwa wasiwasi wa makuzi kabla ya miaka mitatu wamefika kwa mtaalamu, na wangapi kati yao wamekaa darasa la awali. Mkuu wa mkoa anaweza kuuongeza bila kusubiri sheria mpya.

Na uandikishaji huanza Oktoba. Mwalimu mkuu anapouliza cheti cha kuzaliwa, aulize na kadi ya kliniki. Asiye nayo aandikishwe hivyohivyo, mlango usifungwe kwa sababu ya kadi. Kisha muuguzi wa zahanati aje na rejista yake ya chanjo, afisa elimu kata aje na orodha ya shule, hata zile shikizi za vitongojini, wakae meza moja na mwenyekiti wa kijiji wasome majina ya waliofikisha umri, jina kwa jina. Jina lililopo zahanati na halipo shuleni, wakati familia haijahama na mtoto yu hai, mwenyekiti na mhudumu wa jamii waende nyumba hiyo kabla ya Januari.