TAI NYEUPE ISITUVUE KANZU

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii ilinijia juzi, mtoto wa dada yangu aliyeko masomoni Uingereza aliponipigia simu usiku. Baada ya kuniamkia alisema, "Mjomba, nimealikwa karamu kubwa. Kadi yataka tai nyeupe. Nisaidie pesa nikodi koti."

Nilimwuliza kadi imeandikwa nini zaidi. Akasita, kisha akasoma: "Au vazi la taifa lako." Hapo ndipo nilipohuzunika. Mlango umefunguliwa, naye aona haya kuupita!

Kwa wasiojua, tai nyeupe si tai peke yake. Ndiyo daraja ya juu kabisa ya mavazi ya jioni huko Ulaya. Mwanamume huvaa koti jeusi, fupi mbele na lenye mikia miwili nyuma, suruali nyeusi yenye utepe ubavuni, shati jeupe lililokazwa kifuani kwa kanji, kizibao cheupe, na tai nyeupe ifungwayo mfano wa kipepeo. Mwanamke huvaa gauni refu. Siku hizi vazi hili limebakia kwa shughuli chache, kama karamu za kitaifa za mfalme wa Uingereza, na tuzo za Nobel mjini Stockholm kila tarehe 10 Desemba.

Sina ugomvi na vazi hilo. Kila watu na lao. Ila kola ya koti hilo kwa desturi hufunikwa hariri, na vifungo vya shati pengine huwa vya dhahabu. Nasi Waislamu twaijua hukumu ya hariri na dhahabu kwa wanaume. Je, ya nini kukodi mashaka ilhali tuna kanzu sandukuni?

Wako watakaonijibu: ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Ni kweli, mgeni hampangii mwenyeji. Lakini hapa mwenyeji mwenyewe ndiye aliyeandika ruhusa. Tena si jambo geni. Mwaka 1875 Seyyid Barghash wa Zanzibar alizuru Uingereza na kuonana na Malkia Victoria, naye alikwenda na kilemba chake. Mwaka 1979 Abdus Salam wa Pakistan, mtaalamu wa fizikia, alipokea tuzo ya Nobel mbele ya mfalme wa Sweden akiwa na kilemba na viatu vya kwao vilivyopinda ncha. Mwaka 2019 Abhijit Banerjee alipanda jukwaa hilo hilo na vazi la Kihindi, na mkewe Esther Duflo, mzaliwa wa Ufaransa, akavaa sari. Hakuna aliyewafukuza.

Hata hivyo, vazi la taifa si ruhusa ya uzembe. Wenzetu wamekaza mashati kwa kanji. Nasi tusiende na kanzu tuliyolalia. Kanzu iwe nyeupe, imepigwa pasi ikanyooka. Kofia iwe ya kushonwa kwa mkono, imesimama sawasawa. Juu yake litupwe joho, na miguuni viatu safi, si ndara za kuendea msalani. Ama dada zetu, wao wako karibu zaidi na kadi kutushinda sisi: gauni refu tayari wanalo, wazidishe mikono mirefu na mtandio.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi. Kofia nzuri ya Lamu humchukua mshonaji muda mrefu, tundu kwa tundu, sindano mkononi. Vijana wetu wakiionea haya mbele ya wageni, nani ataagiza nyingine? Fundi hali sifa. Siku ya mwisho ya kuagizwa ndiyo siku ya mwisho ya kufunza mwanawe.

Pesa za kukodi koti sikumpelekea mpwa wangu. Nilimpa msafiri joho la marehemu babu yake, na kofia ndani yake. Akilivaa au akiliacha, hiyo ni hiari yake. Bali nawaomba vijana wa pwani: mkipata kadi kama hiyo, isomeni mpaka mwisho.