Macho Yasibebeshwe Kosa la Kompyuta

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unagusa jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana si la afya hata kidogo. Tunataka kusema juu ya mwanga wa kioo cha kompyuta mpakato baada ya kubadilishiwa mfumo endeshi, au kama wasemavyo vijana wetu hapa Mwanza, baada ya "kupigwa Windows mpya". Tumeamua kuliandika kwa sababu linawapeleka watu kutafuta dawa. Mtu analalamika kwamba macho yanamwasha, kichwa kinagonga jioni, na anaamini kwamba macho yake yamekwisha, kumbe tatizo limo ndani ya kompyuta.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Ofisi za parokia, shule, vikundi vya kuweka na kukopa, na wanafunzi wa Malimbe wenye tasnifu za kuandika, wengi wao walijikuta wakitafuta Windows 11. Sasa, kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu ni za mtumba. Zilikwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za watu wengine kabla hazijatufikia. Fundi anapiga Windows mpya, kompyuta inawaka, anapokea fedha yake, na mwenye mali anaondoka akiwa ameridhika. Akifika nyumbani Igoma au Nyegezi anakuta mwanga wa kioo haupungui wala hauongezeki. Umeganda pale pale, aghalabu kwenye ukali wa mwisho.

Tunamfahamu mama mmoja, mwalimu wa sekondari ng'ambo ya Sengerema, ambaye huandaa masomo yake usiku watoto wakiisha kulala. Baada ya kompyuta yake kubadilishiwa mfumo, macho yalianza kumtoka machozi na kuwaka moto. Jirani akamwambia, "Mama, huo ni umri." Akanunua miwani kwa mchuuzi wa barabarani. Haikusaidia. Akaenda duka la dawa akapewa matone bila kupimwa. Wiki tatu baadaye mtoto wa dada yake, aliyekuja likizo, aliketi kwenye ile kompyuta kwa saa moja hivi akiwa na bando la intaneti la kawaida tu, na mwanga ukatii. Baada ya siku chache macho yalitulia. Fedha iliyokwenda kwenye miwani na matone ingenunua mabando kadhaa.

Fedha peke yake tungeiacha ipite. Linalotutia hofu ni yale matone. Baadhi ya dawa za macho zina steroidi ndani yake. Humpa mtu nafuu ya haraka, na kwa sababu hiyo hurudia kununua. Lakini zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari zaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta glakoma, au kuleta mtoto wa jicho. Glakoma haina maumivu mwanzoni, na uoni ulioharibiwa nayo haurudi. Hebu fikirini: mtu ahatarishe macho yake kwa sababu ya programu moja ndogo iliyokosekana kwenye kompyuta!

Programu hiyo mafundi huiita draiva. Kila kifaa ndani ya kompyuta kina draiva yake, ambayo ndiyo mkalimani kati ya kifaa hicho na mfumo endeshi. Mfumo ukibadilishwa, draiva ya picha ya zamani huweza kupotea. Windows haikubali kioo kibaki kiza, kwa hiyo inaweka mkalimani wa dharura, anayejua kuonyesha picha lakini hajui kupunguza mwanga. Ndiyo maana ule mstari wa kuongeza na kupunguza mwanga hutoweka kabisa, na vitufe vyenye alama ya jua huwa kama vimekufa.

Mtu yeyote mwenye subira anaweza kulishughulikia. Kwanza, kwenye Windows 11, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi A. Kidirisha kitatokea pembeni chini, na humo mna mstari wenye alama ya jua. Kama upo na unafanya kazi, jaribu tena vile vitufe vya jua ukiwa umeshikilia kitufe kilichoandikwa Fn. Kama mstari haupo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua orodha ya vifaa vya kompyuta, kisha fungua sehemu ya vifaa vya picha. Ukiona jina la Microsoft mahali ambapo pangepaswa kuwa na jina la Intel, AMD au NVIDIA, basi huyo ndiye mkalimani wa dharura tuliyemtaja. Iruhusu Windows itafute masasisho, yakiwemo yale ya hiari, kwa maana draiva nyingi hufichwa huko. Ikishindikana, geuza kompyuta, soma namba ya modeli iliyoandikwa chini yake, kisha ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, HP, Dell au Lenovo, ukachukue draiva ya picha ya modeli hiyo hiyo. Kama ya Windows 11 haipo, ile ya Windows 10 mara nyingi hukubali. Usichukue draiva kwenye tovuti za ovyo zinazojitangaza kwamba zinatengeneza kila kitu. Huko ndiko kwenye virusi.

Wapo wengine ambao mwanga wao haukuganda bali unapanda na kushuka wenyewe. Ukifungua ukurasa mweupe unang'aa, ukifungua picha nyeusi unafifia, na jicho linachoka kuufuata. Hapo draiva ipo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kioo, bonyeza kishale kilicho kando ya mwanga, kisha zima kile kipengele kinachobadili mwanga kulingana na kilichomo kwenye kioo. Umeme wetu nao una mchango wake: ukikatika, kompyuta huhamia kwenye betri na kujipunguzia mwanga. Mtoto anaupandisha hadi mwisho katika chumba kilichobaki giza, na umeme ukirudi hakumbuki kuushusha.

Kama mfumo uliongezwa juu ya ule wa zamani bila kufutwa, mnazo siku 10 za kuurudisha ule wa kwanza kupitia mipangilio. Lakini fundi akiwa amefuta kila kitu na kupiga upya, njia hiyo haipo tena.

Tukiwa bado kwenye habari za mafundi, sisi tunaona desturi ya kulipa na kuondoka kompyuta ikishawaka haifai. Kuwaka tu hakutoshi. Mwenye mali na apunguze mwanga na kuuongeza pale pale mezani, afunge kioo na kukifungua, achomoe waya wa umeme aone. Dakika tano zinatosha. Mafundi nao wana neno lao, kwamba mteja anataka bei ndogo na kazi ya nusu saa, kisha anashangaa. Neno hilo lina ukweli. Hata hivyo mashine isiyotawalika mwanga ni kazi isiyokwisha, na ingefaa mteja aambiwe hivyo kabla hajaondoka.

Tuje kwenye jicho lenyewe. Hakuna ushahidi kwamba mwanga wa kawaida wa kompyuta huharibu jicho na kuleta upofu. Kinachotokea ni uchovu na ukavu. Tunapokodolea kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, na jicho lisilopepeswa hukauka, ndipo linawasha na, ajabu, kutoa machozi. Ukali wa mwanga huongeza taabu. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu wanajua jambo hili tangu enzi za karabai, kabla taa za sola hazijaenea: aliyeielekea taa uso kwa uso akigeuka haoni hata ukingo wa mtumbwi wake mpaka macho yazoee. Mtoto anayesoma kwenye kioo kikali ndani ya chumba cha giza anayageuza macho yake hivyo hivyo kila dakika, kutoka kwenye kioo kwenda kwenye daftari na kurudi.

Kwa hiyo mwanga wa kioo ulingane na wa chumba. Ukurasa mweupe using'ae kama taa, wala usififie hata usome kwa kukunja uso. Mchana, hasa kwa wanaokaa karibu na ziwa ambako jua hurudishwa na maji hadi dirishani, meza isielekee dirisha wala kioo kisilipe mgongo. Dirisha liwe ubavuni. Kila baada ya dakika 20, mtazame kitu kilicho mbali, kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Kuhusu miwani inayouzwa kwa sifa ya kuzuia mwanga wa bluu, sisi hatuwashauri mtoe fedha yenu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi.

Tunatoa tahadhari upande wa pili pia, maana isije kompyuta ikasingiziwa kila kitu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa uoni, na kwamba kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungeweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Wengi wao wanahitaji miwani tu, iliyopimwa. Ukishapita miaka 40 kusoma kwa karibu huwa kugumu, na hakuna draiva ya kulitibu hilo. Mtoto anayesogea karibu na ubao darasani, anayefumba jicho moja asomapo, au ambaye kichwa kinamuuma hata siku asizogusa kompyuta, apelekwe kupimwa. Jicho likiwa jekundu lenye maumivu, au uoni ukipungua ghafla, msingoje hata siku moja.

Mkifika kliniki ya macho, iwe Bugando au kwingineko, mwelezeni mhudumu ni lini kompyuta ilibadilishiwa mfumo na ni lini maumivu yalianza, na mchukue chupa ya kila dawa iliyokwisha kutiwa jichoni, hata kama imebaki tupu.