Mgonjwa Ale: Neno kwa Wachungaji wa Siongiroi

Kufunga na kuomba si jambo geni Siongiroi. Mvua ikichelewa eneo hilo la Chepalungu, au maradhi yakiingia vijijini, wazee wa kanisa hukaa, hukubaliana, na Jumapili hutangaza siku za kufunga. Ni desturi njema. Humkusanya mtu na jirani yake, hutuliza moyo, humkumbusha mwenye ng'ombe wengi kwamba naye ni kiumbe tu. Hakuna sababu ya kuidharau, wala makala haya hayakusudii hivyo. Lakini mfungo ukitangazwa bila mipaka wakati wa ugonjwa, hugeuka mzigo kwa wale wasioweza kuubeba. Kwa hiyo pamoja na tangazo la kufunga, na litolewe tangazo la pili kwa sauti ileile: mgonjwa ale, anywe, ameze dawa zake.

Agizo hilo si la madaktari peke yao. Limo katika dini ya watu ambao Maandiko yao ndiyo yaliyotufundisha kufunga. Wayahudi huadhimisha Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, kwa saa 25 hivi bila chakula wala tone la maji. Huko Mbale, Uganda, Wayahudi wa Abayudaya wanaifuata dini hiyo tangu Semei Kakungulu alipoiingia mwaka 1919. Siku hiyo ni takatifu mno kwao. Hata hivyo Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200 baada ya Kristo, inaamuru kwamba siku hiyohiyo mgonjwa alishwe kwa neno la wajuzi wa tiba, na wajuzi wasipokuwepo, alishwe kwa neno lake mwenyewe. Mjamzito aliyenusa chakula na kuzidiwa na hamu hupewa mpaka atulie. Walimu wa baadaye wakaongeza kwamba mgonjwa akisema anahitaji chakula na tabibu akakana, asikilizwe mgonjwa, kwa kuwa maumivu ni yake.

Mwaka 1848 kipindupindu kiliushika mji wa Vilna, ambao leo ni mji mkuu wa Lithuania. Inasimuliwa kwamba Rabi Israel Salanter aliwatangazia watu wasifunge Yom Kippur, wasije wakadhoofika ugonjwa ukawamaliza. Wengine husimulia kwamba alipoona watu wanasita, alipanda mimbari ya sinagogi, akashika kikombe na mkate, akala mbele ya macho yao. Masimulizi yanatofautiana, na wapo waliomlaumu, lakini Wayahudi wameyahifadhi hadi leo kwa sababu yanafundisha jambo moja waziwazi: aliye mbele ya watu ndiye wa kuwaondolea aibu.

Kenya nayo ilipita njia hiyo. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na tarehe 21 mwezi huohuo ikawa siku ya maombi ya taifa. Milango ya makanisa ikafungwa kwa miezi. Ilipofunguliwa Julai, kwa mwongozo wa baraza la dini mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, ibada iliwekewa waumini 100 na saa moja. Waliozidi umri wa miaka 58 na wenye maradhi ya kudumu waliombwa wabaki nyumbani. Ikiwa viongozi wa dini waliweza kumwambia mzee asije hata kanisani ili aishi, wanashindwaje kumwambia anywe uji?

Wapo watakaojibu kwamba Esta alifunga siku tatu bila maji. Ni kweli. Lakini Esta aliitisha mfungo ule ili watu wake wasiangamizwe na Hamani; kwa mfungo huo alitafuta uhai. Na Danieli, anayetajwa mara nyingi katika maombi ya kufunga, alikula mboga na kunywa maji, na baadaye, katika majuma yake matatu ya maombolezo, alijinyima nyama, divai na vyakula vizuri tu. Njia hiyo iko wazi kwa kogo, yaani bibi mzee, asiyeweza kushinda na njaa: aache nyama na mursik (maziwa ya kuganda) kwa muda, ale kimnyet (ugali) na mboga kidogo, aombe na wenzake.

Ni vizuri pia kueleza hatari yenyewe ilivyo. Kogo mwenye kisukari aliyejidunga insulini asubuhi kisha asile, sukari yake hushuka. Atatoka jasho jembamba, mikono itetemeke, maneno yamchanganyikie, na akizidiwa ataanguka. Aliye karibu asipojua, atadhani ni Roho amemshukia au pepo amempanda, na wakati wa kumpa maji ya sukari utapita. Mwenye homa hupoteza maji mwilini kila saa. Akinyimwa na ya kunywa, figo huumia. Mama anayenyonyesha hufunga kwa mwili wa watu wawili. Anayemeza dawa za kifua kikuu akiruka siku, humpa mdudu nafasi ya kuizoea dawa.

Na Shakahola haijasahaulika. Mwaka 2023, katika msitu huo wa Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na waendesha mashtaka wakasema watu waliambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana. Mahakama ina kazi yake. Makanisa nayo yana yake, ya kusema mapema mfungo unakomea wapi.

Basi kabla ya mfungo ujao, wazee wa kanisa na wamwite mhudumu wa afya wa kijiji aeleze ni nani hawapaswi kufunga. Mchungaji anayetumia dawa za presha au kisukari na anywe chai yake hadharani. Anayefunga kwa mara ya kwanza na aonyeshwe dalili za kumfanya asimamishe. Na majina ya waliofunga na wasiofunga yasisomwe wala yasiulizwe, ili mama wa kule Siongiroi asimeze njaa na ugonjwa kwa kuogopa macho ya wenzake.