Chai ya saa nne kwa dola

Wadau, hivi chapati, mayai na vipande vya embe vikiitwa "branchi" ndiyo vinakuwa vya dola? Juzi niliingia mgahawa mmoja Paje, Unguja. Menyu yote Kiingereza, bei zote dola. Nilipouliza shilingi ngapi, mhudumu akapiga hesabu kwenye simu yake.

Machi 2025 serikali ilitoa kanuni zinazokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini. Sina ugomvi na watalii, wala na yule kijana. Ugomvi wangu ni na mwenye mgahawa: mayai ananunua kwa shilingi, halafu mwananchi anamgeuza mgeni kwao.

Jamani, kabla ya kuagiza tudai bei ya shilingi. Wakikataa, tunyanyuke. Urojo upo!