Nani Atakuja? Na Aliyepo Je?

Kila mara Yanga au Simba inapoachana na mwalimu wake, baraza za Unguja na Pemba hupata kazi. Kuanzia Darajani hata Chake Chake, kutoka Wete mpaka Mkoani, kahawa humiminwa, wapenzi hupandishiana sauti, na swali huwa moja tu: nani atakuja? Majina hutajwa kwa wingi. Huyu alifundisha Misri, yule Angola, mwingine alipata kombe Algeria. Aghalabu mwenye jina lililo gumu kutamka ndiye apataye wapenzi wengi, na anayethubutu kumtaja mwalimu mzalendo huchekwa na kuambiwa anywe kahawa yake.

Hatuwalaumu wapenzi hao. Klabu hizi mbili, ya mwaka 1935 na ya mwaka 1936, zimekuwa sehemu ya maisha ya watu wetu kwa vizazi, na mtu ana haki ya kuulizia mustakabali wa kitu anachokipenda. Hata hivyo, kwa maoni yetu, swali lao ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni kwamba aliyeondoka alipewa kazi gani, alipimwa kwa kipimo gani, na yule mzalendo anayeachiwa timu usiku huohuo anaachiwa kwa sababu ipi kama kweli hafai.

Yafaa tuyatazame ya Yanga kwanza. Miguel Gamondi, raia wa Argentina, aliingia Jangwani katikati ya mwaka 2023. Novemba 5 mwaka huo timu yake iliifunga Simba mabao 5-1, na siku mbili baadaye Simba ikaachana na mwalimu wake Roberto Oliveira, maarufu kwa jina la Robertinho. Msimu ukamalizika Yanga ikiwa bingwa wa ligi, imefika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti tu, na imetwaa Kombe la Shirikisho kwa kuishinda Azam, nako kwa penalti, hapa hapa katika uwanja wa Amaan, Juni 2024. Oktoba 19, 2024 akaifunga Simba tena, bao 1-0. Mwanzoni mwa Novemba Yanga ikafungwa na Azam, kisha na Tabora United, yote ndani ya wiki moja. Novemba 15 Gamondi hakuwa tena na kazi.

Aliyefuata, Sead Ramovic, alikaa muda usiotimia miezi mitatu akachukuliwa na klabu ya CR Belouizdad ya Algeria. Akaja Miloud Hamdi, akaumaliza msimu kwa ubingwa wa ligi na kwa kombe jingine lililotwaliwa Amaan, Juni 29, 2025, naye akaondoka. Akaja Romain Folz. Septemba 16, 2025 akaifunga Simba bao 1-0 katika mchezo wa Ngao ya Jamii. Oktoba 18, baada ya kufungwa na Silver Strikers huko Malawi, akaachishwa. Kabla Oktoba haijakwisha nafasi ikawa ya Pedro Gonçalves, Mreno aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Angola. Katika muda usiozidi mwaka mmoja klabu moja ilipitiwa na walimu watano.

Msomaji atazame tarehe hizo vizuri. Gamondi aliachishwa siku 27 baada ya kumfunga mtani, na Folz siku 32. Tumezoea kusikia barazani kwamba mwalimu wa Yanga akimfunga Simba amejijengea nyumba. Kwa hesabu hizi, amejipangia chumba kwa mwezi mmoja.

Wako watakaosema kwamba utaratibu huo umeleta vikombe, na kwamba anayeshinda haulizwi. Ni kweli kwamba vikombe vimekuja. Lakini vimekuja chini ya walimu tofauti wenye mitindo tofauti, jambo linaloonyesha kwamba nguvu ya Yanga katika miaka hiyo ilikuwa katika wachezaji wake na uwezo wa kifedha wa klabu, wala si katika werevu wa kuteua. Tena kubadilisha mwalimu si jambo la bure. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu mahsusi inayowalinda walimu: anayeachishwa pasipo sababu ya haki aweza kudai mabaki ya mkataba wake, na klabu isiyolipa yaweza kuzuiwa kusajili wachezaji. Wapenzi wanaopiga kelele leo kutaka mtu afukuzwe mara nyingi ndio watakaopiga kelele kesho timu ikikosa mshambuliaji.

Kwa upande wa Msimbazi hadithi ina sura nyingine, na kwetu sisi ndiyo yenye uzito zaidi. Septemba 2022 Simba ilipoachana na Zoran Maki, ilimwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union ya Tanga ashike timu kwa muda. Mgunda aliivusha Simba mbele ya Nyasa Big Bullets ya Malawi, kisha mbele ya Primeiro de Agosto ya Angola, akiifunga timu hiyo mabao 3-1 kwao Luanda, na Simba ikaingia hatua ya makundi ya Klabu Bingwa Afrika. Januari 2023 Robertinho akaletwa kutoka Vipers ya Uganda, naye Mgunda akarudishwa kiti cha msaidizi. Aprili 2024 Abdelhak Benchikha alipoondoka kabla ya msimu kwisha, nani aliitwa tena? Mgunda. Na Selemani Matola, ambaye ameshika timu hiyo kwa muda mara nyingi kiasi kwamba wapenzi wameacha kuhesabu, hajapata kukabidhiwa kwa dhati.

Watu hawa ni kama taa ya chemli. Umeme ukikatika huwashwa haraka na kila mtu huishukuru. Ukirudi huzimwa na kurudishwa uvunguni.

Mwezi Septemba 2025 taa iliyoazimwa ilitoka kwetu. Fadlu Davids, aliyeifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika iliyochezwa Amaan Mei 25, 2025 dhidi ya RS Berkane, alikuwa amekwenda Raja ya Casablanca. Simba ilikuwa na mchezo wa marudiano na Gaborone United ya Botswana, ikamwazima Hemed Suleiman, ajulikanaye kwa jina la Morocco, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa Taifa Stars. Mchezo uliisha 1-1, Simba ikasonga mbele. Siku chache baadaye klabu ikamtangaza Dimitar Pantev, Mbulgaria, kuwa meneja wake. Alitoka wapi? Gaborone United, timu ileile iliyokuwa imetolewa. Aliyeshindwa akapewa timu, na aliyemtoa akarudi kwenye kazi yake. Desemba ilipoanza, Pantev naye alikuwa amekwisha ondoka. Matola akawashwa tena mpaka alipoteuliwa Steve Barker wa Afrika ya Kusini.

Hemed Suleiman si mgeni kwa msomaji wa visiwani. Desemba 2017 aliiongoza Zanzibar Heroes mpaka fainali ya Kombe la Chalenji huko Kenya, baada ya kuzifunga Tanzania Bara na Uganda, na akashindwa na wenyeji kwa penalti baada ya sare ya 2-2. Januari 2024 Adel Amrouche aliposimamishwa katikati ya fainali za Mataifa ya Afrika nchini Côte d'Ivoire, Hemed alipewa Taifa Stars iliyokwisha fungwa 3-0 na Morocco. Alipata sare na Zambia, sare na Kongo. Novemba 2024 aliifunga Guinea 1-0 na kuipeleka nchi kwenye fainali za Morocco. Agosti 2025 timu yake ya wachezaji wa ndani ilimaliza hatua ya makundi ya CHAN bila kufungwa mchezo hata mmoja, ikatolewa na Morocco robo fainali kwa bao moja. Kisha mambo yakaharibika: katika kuwania Kombe la Dunia alifungwa na Niger na baadaye na Zambia, kila mmoja bao 1-0, na wengi wetu tulikuwepo Amaan tukiona. Mwanzoni mwa Novemba 2025 TFF ilitangaza kuwa pande mbili zimekubaliana kusitisha mkataba. Fainali alizozipigania zilikuwa hazijatimiza wiki saba mbele.

Na nani alikabidhiwa timu? Miguel Gamondi, yule aliyeachishwa na Yanga mwaka uliotangulia, ambaye sasa alikuwa ameipa Singida Black Stars Kombe la Kagame. Mara hii kaimu alikuwa mgeni.

Hapa hatuna budi kusema haki. Gamondi aliivusha Taifa Stars hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Alifungwa na Nigeria 2-1, akatoka sare na Uganda na Tunisia, na Januari 4, 2026 akatolewa na wenyeji Morocco kwa bao 1-0 baada ya mchezo wa kiume. Anayesema kwamba uteuzi wake ulikuwa kosa ana kazi kubwa ya kuthibitisha. Lakini anayesema kwamba matokeo hayo yanathibitisha mzalendo asingeweza, naye afungue daftari lake. Gamondi alipata pointi mbili katika michezo mitatu ya kundi, na pointi mbili zikatosha. Hemed mwaka 2024 alipata pointi mbili katika michezo miwili, na hazikutosha kwa sababu ya mabao matatu aliyofungwa mtangulizi wake na kwa jinsi makundi mengine yalivyokwenda. Hatudai kwamba mmoja ni bora kuliko mwenziwe. Tunachosema ni kwamba tofauti iliyokuwapo kati yao haikutosha kujaza kijiko, nasi barazani tuliigeuza kuwa bahari.

Ubishi huo hautaki mtu wa kulaumiwa. Mpenzi wa mpira anahukumu kwa anachokiona, na anachokiona ni mzalendo akiwa amesimama kando ya mgeni, ameshika koni na filimbi. Mwezi Januari 2024 klabu ya Mlandege ya hapa Unguja iliifunga Simba ya Benchikha bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Benchikha alikuwa ametwaa Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger miezi michache tu nyuma, akiinyima Yanga. Siku ile shangwe ilikuwa kubwa, lakini hatukumbuki kusikia baraza hata moja ikiuliza nani alikuwa benchi la Mlandege, wala klabu kubwa ikituma mtu kumuulizia.

Basi twageukia wenye mamlaka. Uongozi wa klabu wautangazie umma, siku mwalimu anapoajiriwa, ameajiriwa kufanya nini na kwa muda gani. Wanachama watakuwa na kipimo, na mwalimu atakuwa na kinga. Bila hivyo kila kipigo kitakuwa kesi mpya, na hakimu atakuwa yule mwenye sauti kubwa. Tunajua viongozi wataona haya kuandika lengo ambalo laweza kuwarudi wao wenyewe, kwa maana mwalimu akipimwa, aliyemteua naye amepimwa.

Kwa Serikali neno letu ni jingine. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa upya Desemba 2023, na tangu hapo fainali kubwa zimekuja visiwani mwetu moja baada ya nyingine. Tunaipongeza Serikali kwa kazi hiyo. Lakini tutazame nani wamekuwa wakisimama kwenye mabenchi ya uwanja huo katika fainali hizo: Muargentina, Mfaransa, Mwafrika Kusini. Vijana wetu wanaofundisha timu za mitaa, za skuli na za vikosi hawana njia ya kufika pale. Kanuni za CAF zinamtaka mwalimu mkuu katika mashindano ya klabu awe na leseni ya daraja la juu, na leseni hiyo haipatikani kwa kipaji peke yake. Hupatikana kwa kozi, nauli, ada na likizo kutoka kazini, na mwalimu wa Micheweni anayelipwa kwa mkupuo pale timu inaposhinda hawezi kuvigharamia. Ndiyo maana klabu inapotafuta mtu usiku wa manane, jina la kisiwani linalopatikana ni moja, na likishatumika limekwisha.

Saruji ya Amaan imeshakauka. Wizara inayoshughulikia michezo na Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar watuambie ni walimu wangapi wa Unguja na Pemba wanasomeshwa kwa leseni ya daraja A, ni nani anayewalipia, na ni lini kozi kama hiyo itafanyika Gombani badala ya mtu kuvuka bahari kwenda kuifuata. Bajeti ya Wizara itakapowasilishwa katika Baraza la Wawakilishi, tutalitafuta fungu hilo, na tutaandika kiasi tutakachokikuta.